Shaba ya kwenye sufuria

Mtwara, Jumapili jioni

Ndugu yangu Saidi,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila joto linatukomesha na mabibo yameanza kudondoka. Shemeji yako anakusalimu.

Kilichonishikisha kalamu ni binti mmoja wa kidato cha tatu. Juzi tulichomoa koili ya shaba kwenye feni mbovu, tukaitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, tukapima ukinzani, yaani jinsi inavyouzuia umeme. Nyuzi 28, ohm 10.1, nyuzi 90, ohm 12.5, nukta za katikati zote zimejipanga mstari mmoja. Binti akaniuliza: "Mwalimu, si ulisema mstari mnyoofu ndiyo dalili ya metali za ajabu? Na hii je?" Nilimeza mate! Nilikuwa nimewafundisha kwamba metali za ajabu ni zile ambazo ukinzani wake unapanda sawia na halijoto, hata kwenye baridi kali.

Nikamwambia shaba inanyooka ikiwa na joto kwa sababu atomi zinatikisika na kuzigonga elektroni. Ipoze sana, mtikisiko unakufa, mstari unapinda na kulala. Zile supakondakta za oksidi ya shaba (supakondakta ni kitu kinachopoteza ukinzani wote kikipozwa vya kutosha), walizozifungulia njia wanafizikia Bednorz na Müller mwaka 1986, ndizo ambazo mstari wake haulali kabla ya ukinzani kutoweka. Moja yenye bismathi ilipimwa kuanzia karibu kelvini 10 (nyuzi 263 chini ya sifuri) hadi 700 (nyuzi 427), mstari ni ule ule. Hapo mtikisiko wa atomi pekee hautoshi kuueleza.

Sababu? Wakubwa bado wanavutana. Mwanafizikia Jan Zaanen wa Uholanzi alisema mwaka 2004 kwamba elektroni hizo zinapoteza nishati haraka kadiri sheria za kwanta, yaani za ulimwengu wa chembe ndogo, zinavyoruhusu. Muda wa kuipoteza unatokana na namba mbili za msingi za fizikia, konstanti ya Planck na ya Boltzmann, pamoja na halijoto basi. Kwa joto letu hili la Mtwara, igawe sekunde moja mara trilioni 40. Halijoto kwa kelvini ikizidi maradufu, muda unakuwa nusu, ukinzani unapanda sawia. Tamu, lakini kwangu mimi inataja kiasi bila kuonyesha njia.

Mimi nimeelemea kwa wanafizikia Patel, Sachdev na wenzao, mwaka 2023: nguvu ya elektroni kushikana inabadilika ovyo ovyo toka sehemu hadi sehemu ndani ya metali, na humo ndimo mstari unamozaliwa. Unakikumbuka kinyago cha ujamaa cha babu yako, watu wamepandana kwenye mpingo mmoja, hujui mguu huu wa nani? Elektroni za shaba ya feni unaweza kuzihesabu mojamoja. Hizi za metali za ajabu, ukimchonga mmoja atoke, umeharibu kinyago kizima.

Binti kaniuliza tena: ovyo ovyo inazaaje mstari mnyoofu? Nimemwahidi jibu Jumatano. Ukipata basi la kuja huku, nitumie multimita yako. Yangu imeanza kusoma inavyotaka.

Wako,
Mwalimu