Barua kwa Mwanangu: Kabla Hujawapeleka Watoto Kwihara

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Hujambo, na wajukuu zangu hawajambo? Nimefurahi kusikia mnakwenda kulitazama tembe la Kwihara, ile nyumba ya udongo alimokaa Livingstone, mmisionari na msafiri Mskoti. Kutoka Tabora mjini ni kilomita chache, kwa hiyo nendeni asubuhi, na Boma la Wajerumani mliachie siku nyingine. Mtoto akitembezwa majengo mawili kwa siku moja huyachanganya.

Usianze na Livingstone. Anza na wapagazi wa Kinyamwezi, wabeba mizigo ya misafara, maana yeye mwenyewe alikaa pale hadi Agosti 1872 akiwasubiri wapagazi ambao mwandishi wa habari Stanley alikwenda kumtafutia pwani. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kama kilo 32. Jaza dumu la lita 20 na ndoo ya lita 10, uwaache wajaribu kuviinua pamoja wakiwa wawili. Kisha waambie kwamba kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni miezi kama mitatu kwa miguu.

Hapa ndipo wengi hukosea: humwambia mtoto kuwa kila aliyebeba mzigo alikuwa mtumwa. Wanyamwezi wengi walikuwa vibarua, wakilipwa nguo na shanga, na kazi hiyo waliionea fahari. Watumwa nao walipita njia hiyo hiyo, na hilo usilifiche. Ila usiwafunge watoto kamba kuigiza msafara wa watumwa. Mmoja atacheka, mwingine ataota usiku, na hakuna atakayeelewa kitu.

Miaka peke yake haiwaingii walio chini ya miaka minane. Chukua kamba ya mita 16, kila mita iwe miaka 10, ncha ya kwanza iwe 1871, mwaka Stanley alipomkuta Livingstone huku kwetu Ujiji. Funga kitambaa penye mita 2 na sentimita 20: hapo ni 1893, Mtemi Isike wa Unyanyembe, huko huko Tabora, alipojilipua kwa baruti ngomeni mwake asikamatwe na Wajerumani. Mita 4 na sentimita 10, reli ilifika Tabora. Mita 9, Uhuru. Mwaka wa kuzaliwa wautafute wenyewe.

Mkifika, wapime unene wa ukuta kwa shubiri pale mlangoni. Waulize kwa nini ni mnene hivyo; paa la tembe ni bapa, la miti na udongo, na uzito wote unakaa ukutani. Wakatazwe kukwangua, kwani udongo ukichubuka maji hupata njia, na mchwa hufuata miti. Kwa sababu hiyo hiyo msiende masika.

Kesho yake wachore ramani ya nyumba bila kutazama picha. Usiwasahihishe, rudini mkaikague.

Habari za Mtemi Mirambo ziache mpaka mtakapokwenda Urambo. Ukizibana siku hiyo, watadhani yeye na Isike ni mtu mmoja.

Mama yako