Masharti ya afya mipakani yaeleweke kabla msafiri hajafunga mizigo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie namna nchi zinavyotunga na kutangaza masharti ya afya kwa wageni wakati wa janga. Wengi wetu tuliliweka kando jambo hili tangu tarehe 5 Mei 2023, siku ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kuwa UVIKO-19 si tena dharura ya afya ya kimataifa. Nimeona nilizungumze sasa, kwa sababu masharti mengi yaliyotuumiza yalitungwa katika taharuki, na kwa sababu marekebisho ya Kanuni za Afya za Kimataifa, yaani makubaliano ya nchi kuhusu kukabili magonjwa yanayovuka mipaka, yaliyopitishwa Juni 2024 yameanza kutumika tarehe 19 Septemba 2025. Marekebisho hayo yameongeza ngazi mpya ya tahadhari, yaani dharura ya janga, na serikali zinatakiwa kujiandaa kwa ajili yake. Maandalizi hayo hayatakuwa kamili iwapo msafiri wa kawaida hatafikiriwa.

Siandiki kuyapinga masharti yenyewe. Nchi ina haki, tena ina wajibu, wa kuwalinda watu wake dhidi ya maradhi yanayoletwa na safari, na haki hiyo ni ya zamani. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo unaitwa Dubrovnik, uliamuru watu waliotoka sehemu zenye tauni wakae siku 30 nje ya mji kabla ya kuruhusiwa kuingia. Baadaye siku hizo zikawa 40, na kutokana na hesabu hiyo ya arobaini katika lugha ya Venice ndipo tulipopata neno karantini. Watu wale hawakujua chochote kuhusu bakteria wala virusi, lakini walitambua kwamba mtu anaweza kuonekana mzima leo na ugonjwa ukajitokeza siku nyingi baadaye. Sharti lao lilikuwa kali, lakini kila nahodha aliweza kulielewa na kulihesabu kwa vidole.

Sharti lililonikuta mimi mwezi Desemba 2021 halikuwa hivyo. Nilikuwa nikisafiri kwenda kumwona dada yangu aliyekuwa mgonjwa sana, na tangazo nililolisoma lilisema kwamba abiria awe na cheti cha kipimo cha PCR, yaani kipimo cha maabara cha kutafuta virusi vya korona, kisichozidi saa 72. Nililisoma mara tatu na kuridhika kwamba nimelielewa. Nilichukuliwa sampuli Jumatatu saa 3 asubuhi, nikapata majibu Jumanne jioni, na ndege yangu ya kwanza ilikuwa iondoke Jumatano saa 4 usiku. Ukihesabu tangu sampuli ilipochukuliwa hadi kuondoka, ni saa 61. Ukihesabu tangu majibu yalipotoka, ni pungufu zaidi. Hata hivyo safari yangu ilikuwa ya ndege mbili, na ya pili ilikuwa itue Alhamisi saa 9 alasiri, yaani saa 78 tangu niliposimama mbele ya mhudumu wa maabara. Mfanyakazi wa kwanza kaunta aliniambia niko sawa. Wa pili, aliyesimama hatua mbili tu kutoka kwake, alisema saa zinahesabiwa hadi mtu anapowasili, na neno lake ndilo lililosimama. Tangazo halikuwa limesema saa 72 zinaanza lini na zinaishia wapi. Nilirudishwa, nikalipia kipimo kingine na tofauti ya nauli, nikafika siku nne baadaye. Namshukuru Mungu dada yangu nilimkuta hai, ingawa najua wapo waliochelewa kama mimi na hawakuwahi.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu kaunta ile ilinifunza jambo ambalo sijaliona likizungumzwa vya kutosha. Sharti lisiloeleweka halimzuii mgonjwa kuingia. Humzuia mtu mwaminifu, na humsukuma mwenye haraka kutafuta njia ya mkato. Nilipokuwa nimekaa pembeni na begi langu, mtu nisiyemjua alinikaribia na kuniambia kuwa vyeti vinapatikana kwa kununua, bila kupimwa kabisa. Sikushangaa sana, kwa maana tayari Februari 2021 Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, lilikuwa limetoa onyo kuhusu biashara ya vyeti bandia vya majibu hasi. Biashara hiyo ilikuzwa na uhalifu, hilo halina ubishi, lakini ilikuzwa pia na masharti yaliyobadilika usiku mmoja na kuwaacha watu njiani bila la kufanya.

Yafaa pia tuelezane ukweli kuhusu kile ambacho masharti haya yanaweza kukifanya na kile ambacho hayawezi. Kipimo kinachofanywa kabla ya safari huonyesha hali ya mtu siku ile aliyopimwa, basi. Kwa virusi vya korona vya mwanzo, dalili zilijitokeza kwa wastani siku 5 au 6 baada ya maambukizi, na kwa wengine hadi siku 14. Kwa hiyo mtu aliyeambukizwa juzi angeweza kupata majibu hasi leo na kuanza kuambukiza wengine wiki hiyohiyo. Aina mpya ya virusi hivyo, iliyoitwa Omicron, ilipoingia, muda huo ulipungua hadi takriban siku 3, na masharti yaliyojengwa juu ya hesabu ya zamani yakapoteza sehemu ya maana yake. Kamera za kupima joto la mwili, ambazo ziliwekwa katika viwanja vya ndege vingi na kuwapa watu faraja, haziwezi kumtambua mtu asiye na homa, na wengi waliosambaza ugonjwa huu hawakuwa na homa. Sisemi ziondolewe. Nasema serikali ikiweka kifaa mlangoni, iwaambie wananchi wake na wageni wake kinaona nini na hakioni nini, ili mtu aliyepita pale bila kuzuiwa asidhani kwamba amethibitishwa kuwa mzima na hana haja tena ya barakoa wala ya kukaa mbali na wazee.

Lipo jambo lingine ambalo bado linaniuma. Tarehe 24 Novemba 2021 Afrika Kusini iliiarifu WHO kuhusu aina hiyo mpya ya virusi vya korona iliyogunduliwa na wanasayansi wa kusini mwa Afrika, na siku mbili baadaye ikapewa jina la Omicron. Kabla ya wiki kwisha, nchi nyingi zilikuwa zimewafungia mlango wasafiri kutoka eneo hilo. Marekani ilizuia wageni kutoka nchi nane za kusini mwa Afrika kuanzia tarehe 29 Novemba, na ilipoondoa zuio hilo tarehe 31 Desemba, Omicron ilikuwa tayari inaenea ndani ya Marekani kwenyewe kwa kasi kubwa. Waliosema ukweli mapema ndio waliobeba adhabu. Kanuni za Afya za Kimataifa, katika kifungu cha 43, zinaitaka nchi inayoweka hatua za ziada zenye kuvuruga sana safari kuiarifu WHO sababu zake za kiafya ndani ya saa 48. Sababu hizo zingechapishwa pia kwa umma, hata katika aya tatu tu, wasafiri wangejua kama wanazuiwa kwa ushahidi au kwa hofu, na nchi nyingine isingesita kutoa taarifa siku itakapogundua ugonjwa mpya.

Kuhusu chanjo, mkanganyiko ulikuwa mkubwa zaidi. Septemba 2021 Uingereza ilitangaza utaratibu ambao haukutambua vyeti vya chanjo vilivyotolewa India na katika nchi nyingi za Afrika, ingawa chanjo zenyewe zilikuwa zilezile, na baadhi ya dozi zilikuwa zimetolewa msaada na Uingereza yenyewe. Utaratibu huo ulirekebishwa baadaye, lakini tayari watu waliojitokeza kuchanjwa kwa nia njema walikuwa wameambiwa kwamba kwa mtazamo wa afisa wa mpakani hawajachanjwa.

Tulinganishe na homa ya manjano, ambayo wasafiri wameizoea kwa miaka mingi. Cheti chake kina muundo mmoja duniani kote, kinaanza kuwa halali siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu tarehe 11 Julai 2016 kinadumu maisha yote ya aliyechanjwa. Orodha ya nchi zinazokihitaji huchapishwa na WHO. Afisa afya anakifungua, anaangalia tarehe, mhuri na saini, kisha anakirudisha, na mambo hayo yote huchukua chini ya dakika moja. Hakuna anayelazimika kukisia. Ikiwa dunia iliweza kukubaliana kuhusu kadi hiyo ndogo ya manjano, inaweza kukubaliana pia kuhusu cheti cha janga lijalo, kiwe cha karatasi au cha simu, mradi asiye na simu janja asifungiwe mlango kwa sababu hiyo.

Kuna suala la gharama pia, nami nitalitaja kwa ufupi. Kifungu cha 40 cha kanuni hizohizo kinasema kwamba msafiri asiyeomba ukaazi hatozwi fedha kwa uchunguzi wa kiafya anaotakiwa kufanyiwa wala kwa karantini anayowekewa. Hata hivyo nchi kadhaa zilimtwisha msafiri mzigo huo. Uingereza, kwa mfano, Februari 2021 ilianza kutoza pauni 1,750 kwa mtu mmoja kwa siku 10 za karantini ya hotelini. Naelewa kwamba hazina za serikali zilikuwa katika hali ngumu. Lakini karantini ambayo mwenye fedha anaimudu na maskini hawezi hugeuka kuwa ada ya kuvuka mpaka, na anayeshindwa kuilipa atapita porini, ambako hakuna afisa afya wa kumpima.

Sitaki nionekane kama nailaumu serikali pekee. Sisi wasafiri tuna makosa yetu, na baadhi ni ya hatari. Wapo wanaomeza dawa ya kushusha homa saa chache kabla ya kupita kwenye kamera. Wapo wanaojaza fomu ya afya kwa uongo kuhusu nchi walizopitia, kwa kuogopa kuchelewa. Wapo wanaovua barakoa mara tu mhudumu wa ndege anapogeuka. Mtu mwenye homa, kikohozi au kuharisha aahirishe safari, hata kama nauli haitarudishwa. Na aliyekwisha kufika akijisikia vibaya ndani ya siku 14, apige simu kwenye namba ya huduma aliyopewa mpakani kabla ya kwenda kituo cha afya, ili wahudumu wajiandae kumpokea bila kuwaambukiza wagonjwa wengine. Kunawa mikono kwa sabuni, kuvaa barakoa inayoziba pua na mdomo, kubeba dawa za kila siku za kutosha kwa wiki mbili zaidi ya safari, na kuwa na bima inayolipia matibabu ugenini, ni mambo ambayo hayahitaji tangazo la serikali yoyote.

Hata hivyo msafiri hawezi kutii asichokielewa, na hapa ndipo lugha inapoingia. Matangazo mengi ya wakati ule yalitolewa kwa lugha ambazo wasomaji wako wengi hawazitumii nyumbani, na yalipofasiriwa, yalifasiriwa kwa haraka. Neno karantini lilitumiwa kwa kila kitu. Ukweli ni kwamba karantini ni kwa mtu ambaye haonekani kuwa mgonjwa lakini huenda amekutana na ugonjwa, ilhali aliyethibitika kuugua au anayeshukiwa kwa kuwa na dalili hutengwa ili atibiwe na asiambukize wengine. Niliwasikia abiria wakikataa kuingia karantini kwa kuapa kwamba si wagonjwa, kana kwamba wametuhumiwa. Laiti wangeelezwa tofauti hiyo kwa sentensi mbili, wangeingia kwa hiari.

Kwa hiyo, Mhariri, nina ombi kwa wizara zinazohusika na afya na safari, na lingine kwako. Kwa wizara, naomba kila sharti la kuingia litaje saa na tarehe linapoanza kutumika, lieleze muda wa kipimo unahesabiwa kutoka lini hadi lini na kwa safari ya ndege zaidi ya moja unahesabiwaje, litaje umri wa watoto wanaosamehewa, na litoe muda wa mpito kwa walio tayari njiani. Kwako, naomba siku janga lingine litakapotangazwa gazeti hili litenge safu moja, kila toleo, ya masharti ya kuingia katika nchi ambazo wasomaji wako husafiri zaidi, yakiwa kwa Kiswahili chepesi, na juu yake iandikwe tarehe ambayo mwandishi wako aliyahakiki mara ya mwisho. Tarehe hiyo ni muhimu kuliko habari yenyewe, kwa sababu nilichokuwa nacho mkononi siku ile kaunta kilikuwa kipande cha tangazo kisicho na tarehe, na hakuna aliyeweza kuniambia kama bado ni halali au kimeshapitwa na wakati.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi.