Shemeji anataka mume wangu arudi ziwani giza hili

Anti, shikamoo.

Sijalala tena. Mimi ni muuguzi wa kitengo cha afya ya akili, kwa hiyo usiniambie niende hospitali, huko ndiko ninakoshinda. Kinachonichoma ni neno la shemeji. Alisimama sebuleni kwangu, mama mkwe akisikia, akasema nimemfanya mdogo wake mwehu kwa vidonge.

Unajua mtumbwi ukizama usiku, aliyetoka hai, kama mume wangu, hutoka na nini. Ndoto ileile, kushtuka mlango ukigongwa, kukwepa hata harufu ya dagaa, hasira za ghafla. Wiki za mwanzo ni kawaida, na kwa wengi dalili huisha zenyewe. Ukipita mwezi na mtu bado hawezi kazi wala usingizi, huo ni ugonjwa wa kiwewe. Si woga, wala si ziwa linamdai kama mama anavyotangaza.

Sasa shemeji anasema giza likiingia anampakia mtumbwini, hofu imtoke. Kinachoniudhi ni kwamba nusu yake ni kweli. Tiba yenyewe ni kukikabili unachokiogopa, ila kwa ngazi, na mgonjwa akiridhia. Kila jambo analoliogopa analipatia alama za hofu, 0 hadi 100. Anaanza na la 40, tuseme kusimama mchana mwaloni Kayenze, pale mitumbwi inapofikia ufukweni. Anakaa hapo, hata dakika 45, mpaka hofu ishuke karibu nusu, na anarudia siku baada ya siku kabla hajapanda ngazi nyingine. Huku kila wiki anakaa na mtaalamu dakika 60 hadi 90, anausimulia ule usiku mwanzo hadi mwisho. Vikao 8 hadi 15. Ukimtupa katikati ya ziwa kwa nguvu, atakimbia hofu ikiwa juu kabisa, na ubongo utashika kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Baada ya hapo hata mwaloni hafiki.

Na hivyo vidonge! Ni setralini, dawa ya sonona inayotibu pia kiwewe, kaandika daktari, si mimi. Alianza na miligramu 25, ikaja 50 kwa siku. Mwanzoni ni kichefuchefu, nafuu huja baada ya wiki 4 hadi 6, wala havileti uteja. Mama mkwe kavificha kabla hata wiki hizo hazijafika. Wao wanampa diazepamu ya dukani, ile dawa ya kutuliza, na gongo, vinavyozima hofu saa chache na kuuzuia ubongo usijifunze kitu. Halafu mwehu nimemfanya mimi.

Tatizo si daktari, hospitali ya Bugando iko hapahapa. Ila usingizini mtu anapigana na maji, na aliye ubavuni ni mimi. Nimehamia chumba cha watoto. Shemeji kalijua hilo, kalipeleka ukoo mzima.

Nataka apone arudi kazini, ada inadaiwa. Na haki ya Mungu, sitaki akanyage mtumbwi tena. Anti, naweza kumsindikiza kwenye hizo ngazi huku naomba asifike ya juu? Au nimkabidhi mwenzangu wa kazini, mimi nibaki mke tu? Na chumbani, nirudi?

Nijibu mapema, shemeji hatanii.

Muuguzi, Ilemela