Wauza samaki wa mapambo, mbona hamtuambii?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu kwa wauza samaki wa mapambo hapa jijini.

Mimi ni kinyozi, Mbagala. Mwezi wa tatu nilinunua tangi la lita 60, wateja wapate cha kutazama wakisubiri zamu. Muuzaji akanifungia vyote siku hiyohiyo: tangi, filta ya sponji, changarawe, na samaki wa dhahabu sita kwenye mfuko wa nailoni. "Tia maji, tia samaki, kazi imeisha." Siku ya nne maji yakawa kama yaliyooshewa mchele. Samaki wako juu, midomo nje, wanahema. Mzee niliyekuwa namnyoa ndevu akageuza shingo, wembe nusura umkate: "Kijana, hao wanakufa hao." Hadi jioni walibaki wawili.

Kumbe waliuawa na uchafu wao wenyewe. Samaki hutoa amonia, na chakula kinachooza huongeza. Kwenye tangi la zamani kuna bakteria waliojishika kwenye sponji na changarawe. Wengine huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara madogo. Tangi jipya halina hao, na hukaa wiki nne hadi sita ndipo watoshe. Joto letu hili, na maji yakiwa ya magadi, amonia inazidi ukali.

Aliyeniokoa ni mteja mmoja mfuga samaki. Alikuja na kipande cha sponji chafu kutoka tangi lake, kimelowa kwenye kopo, akakibana kando ya filta yangu. Akanifundisha: kila asubuhi chota ndoo mbili za lita kumi, rudisha maji ya bomba yaliyolala wazi siku nzima klorini itoke. Chakula ni punje chache mara moja kwa siku, wateja wasitupie mkate (hapo ndipo nilipogombana na watu). Sponji usiioshe bombani, ikamue kwenye maji yaleyale uliyochota. Umeme ukikatika nilikuwa nachota kwa kikombe na kumimina kutoka juu, maji yapate hewa.

Nilinunua na matone ya kupimia. Kwa amonia, maji yakigeuka kijani ipo, yakibaki njano haipo. Wiki ya tano yakabaki njano. Nitriti ikaisha wiki iliyofuata. Wale wawili wako hai, ingawa wakikua lita 60 zitawabana. Hilo nalo sikuambiwa.

Ninachowaomba wauzaji ni kidogo. Mteja mwenye tangi jipya muuzieni samaki wawili, wengine waje baadaye, na mkatieni kipande cha sponji kutoka matangi yenu ya dukani. Kiuzeni hata kwa bei ya samaki mmoja, tutanunua.

Kinyozi,
Mbagala, Dar es Salaam