Barua ya wazi kwa Waziri Mkuu wa Iraq: Kirkuk na swali la nani alitangulia

Mheshimiwa Waziri Mkuu,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nakuandikia kutoka Mombasa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, sina cheo kinachonipa haki ya kuingilia mambo ya nchi yako. Nilicho nacho ni swali nililoulizwa darasani mjini Nairobi, Februari 1999. Juma lile Abdullah Öcalan, kiongozi wa chama cha Wakurdi kilichopigana na Uturuki, alikuwa amekamatwa jijini mwetu, baada ya kufichwa katika makazi ya balozi wa Ugiriki, akapelekwa Uturuki kwa ndege. Kufumba na kufumbua Wakurdi wa Ulaya wakazivamia ofisi za ubalozi wa Ugiriki, na zetu pia. Nairobi ilikuwa bado inauguza majeraha ya bomu la Agosti 7, 1998, na watu walikuwa na hofu. Kijana mmoja wa kidato cha tatu akasimama: "Mwalimu, hawa Wakurdi kwao ni wapi?" Nikafungua atlasi, nikamwonyesha Uturuki, Iran, Iraq na Syria. Akasema, "Hizo ni nchi za watu wengine. Mimi nauliza kwao."

Siku ile sikumjibu. Nimekuwa nikisoma tangu hapo, na kila nilikopita nimejikuta nimefika Kirkuk, mji wa mafuta wa kaskazini mwa Iraq. Kwa mambo ya Kirkuk kalamu iko mkononi mwako, ndiyo maana barua hii haiendi Ankara wala Tehran.

Wanaoigombea Kirkuk hupenda kuanzia mbali. Mkurdi atakutajia Wamedi, watu wa kale wa Uajemi, walioshirikiana na Babeli kuuangusha mji wa Ninawi mwaka 612 kabla ya Kristo. Atakutajia Wakardukhi, watu wa milimani waliopigana kwa siku saba na jeshi la Wagiriki la Xenophon lilipokuwa likirudi kwao mwaka 401 kabla ya Kristo. Wanazuoni hawajakubaliana kama hao ndio mababu wa Wakurdi wa leo. Penye uhakika zaidi ni baada ya Uislamu kufika: waandishi wa Kiarabu wanawataja Akrad, yaani Wakurdi, katika milima kati ya Mosul, Diyarbakir na Hamadan, na katika karne ya 12 Waseljuki, watawala wa Kituruki, walikuwa na jimbo lililoitwa Kurdistan. Salahuddin al-Ayyubi, ambaye kila mtoto wa madrasa hapa kwetu anajua kuwa aliikomboa Al-Quds mwaka 1187, alikuwa Mkurdi aliyezaliwa Tikrit.

Mturkmeni naye atakueleza habari za Waseljuki hao hao na za Dola ya Uthmaniya, na mitaa ya kale iliyoizunguka ngome ya Kirkuk, ambamo Kituruki kilisemwa sokoni na majumbani kwa karne nyingi. Mwarabu atataja karne ya 7, na makabila ya Ubaid na Jubur ya upande wa Hawija. Mwashuri Mkristo, ambaye sauti yake ndiyo ndogo kuliko zote, atakwambia kwamba mji ulioko chini ya ngome hiyo uliitwa Arrapha kabla ya yeyote kati ya hao watatu kutajwa popote.

Wote wana hoja. Mimi historia ndiyo iliyonilisha, naipenda, na nisingependa mtu adhani naidharau. Lakini hapa Pwani nimekaa katika vikao vingi vya namna hiyo: nani mwenyeji, nani mgeni, babu wa nani alitia nanga kwanza. Nimeona watu waliozaliwa shambani na kuzeekea humo humo wakiitwa maskwota, na sijaona hata kimoja kati ya vikao hivyo kikimpa mtu hati ya shamba lake. Swali la nani alitangulia Kirkuk halina mwisho. Swali la nani alifukuzwa Kirkuk, mwaka gani, kwa amri ya nani, lina majibu, na mengi ya majibu hayo yamo katika makabati ya serikali unayoiongoza.

Naijua hadithi ya mipaka, nimeifundisha. Mwaka 1514, huko Chaldiran, Waturuki waliwashinda Wasafawi wa Uajemi, na mwaka 1639 mkataba wa Zuhab ukaacha Wakurdi pande mbili za mpaka. Mwaka 1920 mkataba wa Sèvres, katika ibara za 62 hadi 64, uliwaahidi Wakurdi utawala wao wa ndani na njia ya kuelekea uhuru. Mwaka 1923 ukaja mkataba wa Lausanne, nao haukuwataja. Uturuki na Uingereza zikabaki kuligombea jimbo la Mosul, Kirkuk ikiwa ndani yake, hadi Ligi ya Mataifa ilipotuma tume ya watu watatu, Mswidi, Mhungaria na Mbelgiji. Tume hiyo iliandika mwaka 1925 kwamba ikiwa kabila peke yake ndilo la kutazamwa, basi jibu lingekuwa dola ya Wakurdi, kwa kuwa wao ni sehemu tano kati ya nane za wakazi. Jimbo likapewa Iraq, kwa sharti kwamba maofisa, mahakimu na walimu wa sehemu za Wakurdi wawe Wakurdi.

Kuna karatasi moja ya enzi hizo ambayo ningependa uisome tena, Mheshimiwa. Ni tamko ambalo Iraq yenyewe ililitoa Mei 30, 1932, ili ikubaliwe kuingia katika Ligi ya Mataifa. Humo nchi yako ilikubali kwamba katika kaza, yaani wilaya, za Kirkuk na Kifri, zilizokuwa na Waturkmeni wengi, lugha rasmi pamoja na Kiarabu itakuwa ama Kikurdi ama Kituruki. Wakati huo mafuta ya Baba Gurgur, karibu na mji wa Kirkuk, yalikwisha kuruka angani, Oktoba 1927, na kila mtu alijua thamani ya ardhi ile. Hata hivyo Baghdad iliweza kuandika, kwa mkono wake, kwamba Kirkuk si ya lugha moja.

Sensa ya 1957 inaonyesha jambo hilo hilo. Katika jimbo la Kirkuk Wakurdi walikuwa asilimia 48, Waarabu 28, Waturkmeni 21. Mjini kwenyewe Waturkmeni ndio waliokuwa wengi zaidi, asilimia 37, wakifuatiwa na Wakurdi, asilimia 33. Hakuna aliyefikia nusu, si mjini wala jimboni. Wanaosema Kirkuk ni moyo wa Kurdistan na wanaosema ni mji wa Waarabu tangu enzi wanapaswa kuanza hapo.

Kisha ikaja kazi ya kubadili hesabu hiyo. Makubaliano ya Machi 11, 1970, yaliwaahidi Wakurdi mamlaka ya ndani, yakakwama juu ya Kirkuk. Vita vikarudi, na Machi 6, 1975, Saddam Hussein na Shah wa Iran walipopatana mjini Algiers, Wakurdi waliachwa mikono mitupu. Mwaka 1976 jimbo lilibadilishwa jina likaitwa al-Ta'mim na kukatwa vipande: Chamchamal na Kalar zikaenda Sulaymaniyah, Kifri ikaenda Diyala, na Tuz Khurmatu ikatiwa katika jimbo jipya lililopewa jina la Salahuddin. Hilo limeniuma kila nilipolifundisha. Jina la Mkurdi mashuhuri kuliko wote katika Uislamu lilitumika kuwapunguzia Wakurdi na Waturkmeni mji wao.

Familia za Waarabu zililetwa kutoka kusini, zikapewa kiwanja na dinari 10,000, hata wenyeji wakawabandika jina la "Waarabu wa elfu kumi." Mwaka 1988 ikaja Anfal, operesheni ya jeshi la Saddam dhidi ya Wakurdi, vijiji vikafagiliwa, na Human Rights Watch ilikadiria waliouawa kuwa kati ya 50,000 na 100,000. Wakurdi wenyewe hutaja 182,000. Mwaka huo huo, Machi 16, watu wapatao 5,000 walikufa kwa gesi ya sumu Halabja.

Lakini niruhusu nikae kidogo juu ya jambo linaloonekana dogo. Katika miaka ya 1990 Mkurdi, Mturkmeni au Mwashuri wa Kirkuk aliletewa fomu ya kuandika kwamba yeye ni Mwarabu. Asipoijaza, lori lingekuja kumhamisha. Mwaka 2001 azimio namba 199 la Baraza la Mapinduzi, chombo cha juu cha utawala wa Saddam, likaifanya desturi hiyo kuwa sheria. Kwa Kiarabu chenu iliitwa tashih al-qawmiyya, kusahihisha taifa. Kiswahili kimelichukua neno hilo hilo, tunasema kusahihisha, na maisha yangu yote ndiyo kazi niliyoifanya: kuketi usiku na rundo la madaftari, kuweka alama penye kosa ili mtoto ajue zaidi kesho. Kuona neno hilo likitumika kumwambia mtu kwamba jina la mama yake ni kosa kulinifanya nikifunge kitabu nitoke nje.

Mheshimiwa, katiba yenu ya 2005 ilishika mzizi wa jambo hili. Ibara ya 140 haiulizi nani alitangulia. Inaagiza waliofukuzwa warudi, mali zao zirudishwe, sensa ifanyike, kisha wananchi wapige kura, yote yakamilike kabla ya Desemba 31, 2007. Siku hiyo ilipita. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Shirikisho ilitamka kwamba ibara hiyo ingali na nguvu. Katikati ya hapo watu walijaribu njia ya bunduki. Juni 2014 jeshi lilipokimbia mbele ya wapiganaji wa Daesh, Peshmerga, wapiganaji wa Kikurdi, waliingia Kirkuk. Septemba 25, 2017, Wakurdi walipiga kura ya uhuru, zaidi ya asilimia 92 wakasema ndiyo, wakaiingiza Kirkuk ndani yake. Oktoba 16 jeshi la Baghdad likaichukua tena. Kila mara kuna nyumba zilizohamwa usiku.

Sitawatetea Wakurdi kwa kila kitu. Mwaka 2016 Amnesty International ilieleza jinsi vikosi vyao vilivyobomoa nyumba za Waarabu katika maeneo waliyoyateka kutoka kwa Daesh. Aliyefukuzwa jana anaweza kufukuza leo. Na yule mtoto wa Basra aliyezaliwa Kirkuk mwaka 1985 kwa baba aliyepewa dinari 10,000 hajamdhulumu mtu. Fidia yake na mahali pake pa kuishi ni deni la dola iliyomleta, si la jirani.

Ninachokuomba si kuigawa Iraq, na si kumkabidhi yeyote visima vya mafuta. Januari 2025 bunge lenu lilipitisha sheria ya kurudisha ardhi ambazo Baraza la Mapinduzi liliwanyang'anya Wakurdi na Waturkmeni. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi kama mtu aliyepata barua ya ndugu. Lakini mwezi mmoja tu baadaye wakulima wa Kikurdi wa Sargaran, katika jimbo la Kirkuk, walikuwa wakisukumana na askari juu ya mashamba yao wenyewe, kwa sababu ya mikataba ya miaka ya 1970 ambayo sheria hiyo ilikusudiwa kuifuta. Waagize maofisa wako wa ardhi wairejeshe hati moja moja, kijiji kwa kijiji, na majina yabandikwe hadharani ili Mkurdi, Mturkmeni na Mwarabu waone hakuna anayependelewa.

Pili, sensa. Ile ya Novemba 2024, ya kwanza kwa nchi nzima tangu 1987, haikuuliza mtu ni wa kabila gani. Naelewa hofu iliyoleta uamuzi huo. Lakini kwa Kirkuk na wilaya zilizokatwa 1976 haiwezekani kutimiza ibara ya 140 kwa kutoliuliza swali hilo. Liulizwe, na mtu ajiandike mwenyewe, asisahihishwe na yeyote.

Tatu, tarehe. Ya kwanza ilikuwa Desemba 31, 2007. Naomba utangaze nyingine, uiweke mbele ya bunge na mbele ya watu wa Kirkuk, na uwe bado madarakani itakapofika.

Wako kwa heshima,

Mwalimu mstaafu wa historia
Mombasa, Kenya