Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti ya Mombasa: Tumbo la Jumatatu Si la Minyoo

Kwa Mkurugenzi wa Elimu,
Kaunti ya Mombasa.

KUH: ELIMU YA AFYA YA AKILI KWA WANAFUNZI WA GREDI YA 4 HADI YA 6

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Likoni. Nimefundisha Kiswahili na Hisabati kwa miaka 19, na nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe si la shule moja, na pia kwa sababu sehemu ya lawama iliyomo ndani yake ni yangu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa Gredi ya 5, mvulana wa miaka 10, ambaye kila Jumatatu aliumwa na tumbo. Jumanne alikuwa mzima, Ijumaa alicheza mpira hadi kengele ya mwisho, lakini Jumatatu asubuhi alijikunja juu ya dawati, asitake kusoma wala kula. Mwanzoni nilimruhusu akalale kivulini. Baadaye nikadhani ni minyoo, kwa kuwa siku ya kugawa dawa shuleni ilikuwa imekaribia, na ilipofika nikahakikisha amemeza kidonge chake mbele yangu. Jumatatu iliyofuata tumbo lilirudi. Hapo nilifanya kosa ambalo hadi leo hunijia nikiwa nimesimama kwenye feri: nilimwambia mbele ya wenzake kwamba tumbo lake linajua kusoma kalenda. Darasa zima lilicheka. Hakulalamika tena, nami nikajisifu kwamba nimemponya.

Muhula uliofuata shangazi yake alikuja kumwombea uhamisho, ndipo nilipoelewa. Mama wa mtoto alikuwa hainuki kitandani kwa wiki nyingi. Majirani walisema ana majini, na kila Jumapili usiku watu walikuja kumpunga. Mtoto alikesha akisikiliza ngoma, kisha akaja shuleni akiamini kwamba akimwacha mamake peke yake atarudi amkute hayupo duniani. Tumbo lilikuwa likimuuma kweli. Mtoto wa umri ule asiyekuwa na neno la hofu yake huisema kwa mwili, kwa tumbo, kwa kichwa, pengine kwa kukojoa kitandani baada ya kuwa ameshaacha. Wauguzi wa watoto wanalijua hili vizuri. Mimi niliyesomea ualimu sikulijua.

Ninachoomba, Mheshimiwa, ni kwamba watoto wa Gredi ya 4 hadi ya 6 katika kaunti hii wafundishwe elimu ya afya ya akili kama kipindi cha kawaida cha darasani, kwa Kiswahili, na mwalimu wao wa kila siku, kabla hawajaingia sekondari msingi. Siombi mgeni aletwe mara moja kwa mwaka ahutubie gwaride, apigwe picha na kuondoka.

Umri huu nimeuchagua kwa sababu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa Kenya wa miaka 10 hadi 17, uliotolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba asilimia 44.3 walikuwa wamepata tatizo la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia, na kwamba asilimia 12.2 walitimiza vigezo vya ugonjwa wenyewe. Mara nyingi watu huishika ile namba ya kwanza ili kuogopesha. Mimi hutazama pengo lililo kati ya hizo mbili. Humo ndimo walimo watoto wanaotaabika lakini hawajawa wagonjwa, ambao pengine wangefaidika na mtu mzima mmoja wa kuwasikiliza kwa wakati, na ambao hawawezi kumtafuta mtu huyo kama hawajui kutaja kinachowasibu. Kungoja hadi miaka 14 au 15, wakati ambapo kijana ameshajifunza kwamba mwanamume halii na ameshapata maskani ambako hakuna anayemuuliza kitu, ni kuchelewa.

Elimu hii ina jina na historia. Mtafiti wa Australia, Anthony Jorm, na wenzake ndio walioipa jina mwaka 1997, wakiwa na maana ya maarifa yanayomwezesha mtu kuyatambua matatizo ya akili, kuyakabili na kuyazuia. Baadaye Stan Kutcher wa Kanada aliipeleka darasani, na mwongozo wake ukarekebishwa kwa ajili ya shule za Malawi na za jirani zetu Tanzania, ambako walimu waliofunzwa waliongeza ujuzi wao na kupunguza unyanyapaa. Hao walikuwa walimu wa vijana wakubwa, lakini kuna chombo kimoja cha Kutcher ambacho naamini kinamfaa hata mtoto wa miaka 9, nacho ni piramidi. Chini kabisa kuna hali ya utulivu. Juu yake kuna taabu za kila siku, kama kufungwa mabao au kukatazwa kwenda kuogelea. Juu zaidi kuna tatizo linalotokana na pigo kubwa, kama msiba, ambalo huhitaji watu wa karibu. Kileleni, kwenye nafasi ndogo, kuna ugonjwa unaohitaji mhudumu wa afya. Mtoto akizielewa ngazi hizo nne ameshapata nusu ya somo.

Tatizo letu la Pwani ni kwamba katika mazungumzo ya watoto piramidi hiyo imebomoka katikati. Ukimuuliza mwanafunzi wangu anajisikiaje atakujibu kwamba yuko sawa, au ana stresi, na mtu yeyote aliyezidi hapo humwita kichaa. Hana neno la katikati. Ajabu ni kwamba lugha yetu haikuwa hivyo. Nyanya yangu, aliyezaliwa Mtongwe na hakuwahi kukanyaga shule, alitofautisha kihoro cha aliyefiwa na simanzi ya aliyeachwa, akajua kwamba kiherehere cha moyo si woga, na kwamba fadhaa humjia hata shujaa. Alipotuona tumenuna alituambia tutoe dukuduku, yaani tulitoe lile jambo lililobanwa kifuani, kisha akakaa kimya akingoja. Hakujua kwamba alichokuwa akifanya hufundishwa vyuoni. Maneno hayo yote yamo katika kamusi zilizo kwenye kabati la shule, na watoto hukutana nayo, wakibahatika, katika ushairi tu.

Kwa hiyo ninasema elimu hii ianzie kwenye somo la Kiswahili. Kuanzia Gredi ya 4 masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, na somo la hisia likifundishwa kwa lugha ambayo mtoto anaitumia kupata alama, atakariri fasili na kuiandika vizuri mtihanini, huku usiku akiendelea kulia chini ya shuka. Msamiati wa lishe na wa usafi tunaufundisha katika Kiswahili. Sioni kwa nini msamiati wa moyo na akili usipate wiki zake sita au nane. Mtoto asome kifungu kuhusu msichana anayeogopa kuvuka feri tangu siku alipopotezana na babake kwenye umati, aeleze msichana huyo anahisi nini na amweleze nani, kisha aandike insha. Naomba tu isitolewe alama. Hofu ya mtoto haifai kupewa saba kwa kumi.

Ningekuwa mwongo kama ningekuambia kwamba kila kinachoitwa mafunzo ya afya ya akili kinafaa. Uingereza, ambako shule za msingi za serikali za England zililazimishwa kufundisha ustawi wa akili kuanzia Septemba 2020, kulifanywa pia jaribio kubwa liitwalo MYRIAD, lililohusisha zaidi ya wanafunzi 8,000 wa miaka 11 hadi 14. Walifunzwa mazoezi ya kutuliza nafsi kwa kuzingatia pumzi na wakati uliopo, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba hawakupata nafuu kuliko wenzao waliofuata mafunzo ya kawaida. Wengi hata hawakufanya mazoezi nyumbani. Mwaka uliofuata watafiti wawili, Lucy Foulkes na Jack Andrews, walionya kwamba kuzungumzia mno magonjwa ya akili kunaweza kumfanya kijana aione huzuni ya kawaida kuwa maradhi. Onyo hilo nalichukulia kwa uzito. Mwanafunzi asitoke darasani kwangu akiwa amejibandika jina la ugonjwa. Ndiyo maana nasisitiza ile piramidi na upana wa sehemu yake ya chini, na ndiyo maana nasema tufundishe maarifa, wala tusigeuze darasa la watoto 60 kuwa chumba cha tiba.

Najua jibu ambalo ofisi hujibu. Katiba ya 2010 imeziacha shule za msingi mikononi mwa serikali ya kitaifa na kuziweka zahanati na hospitali za kaunti chini ya gavana. Mtaala hutoka KICD, taasisi ya kitaifa ya mitaala iliyoko Nairobi, mwalimu ni wa TSC, tume ya kitaifa inayoajiri walimu, na muuguzi ni wa kaunti. Sheria ya Afya ya Akili ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022 ilizipa kaunti wajibu wa huduma hizi, lakini mtoto wa Gredi ya 5 hushinda mchana kutwa mahali ambapo kaunti haina amri. Hata hivyo, Mheshimiwa, ukuta huo tumeshauruka mara mbili. Dawa ya minyoo hutolewa na walimu baada ya kufunzwa na watu wa afya, fomu zikajazwa na wizara zote mbili zikazisoma. Na chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa uzazi, iliyolenga wasichana wa miaka 10, ilizinduliwa hapa hapa Mombasa mnamo Oktoba 2019. Kama afya na elimu ziliweza kukutana kwa ajili ya tumbo la mtoto na kwa ajili ya kinga ya mtoto, zitaweza kukutana kwa ajili ya akili yake.

Ninapendekeza tuanze kwa udogo, na shule mbili katika kila kaunti ndogo, yaani Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Walimu wa Kiswahili wa shule hizo 12 wafunzwe wakati wa likizo, na wakufunzi wawe wauguzi wa afya ya akili wa Hospitali ya Port Reitz, ambayo tayari ina wodi ya wagonjwa hao, kwa sababu wao wanawajua watu wa mji huu na lugha yao. Wanafunzi waulizwe maswali machache kabla ya muhula na baada yake, ili tujue kama tumewafaa au tumewapotezea muda.

Kuna jambo moja ambalo lisipokuwepo ni afadhali tusianze. Mwalimu atakayemwambia mtoto kwamba anaweza kusema ni lazima awe na la kufanya mtoto atakaposema. Leo katika shule nyingi mwalimu wa ushauri nasaha hubeba vipindi sawa na wenzake, na mahali pake pa kukutana na mtoto ni kwenye ghala la mipira au kwenye ngazi. Kila shule ipewe jina la mhudumu mmoja wa afya katika zahanati iliyo karibu, ambaye mwalimu atampigia simu bila kungoja barua, na mzazi asilazimike kuvuka feri na kupanda matatu mbili kwa ajili ya mazungumzo ya kwanza. Namba 116 ya kuwasaidia watoto, isiyotozwa malipo, iandikwe kwenye ukuta wa kila darasa. Walimu nasi tuwekewe mpaka ulioandikwa: hatutamwita mtoto jina la ugonjwa wowote, na anachotuambia hakitakuwa hadithi ya chai katika chumba cha walimu. Nalisema hili kwa kuwa nakijua chumba hicho.

Kuhusu wazazi na maalimu wa madrasa, wengine wamenitahadharisha kwamba watapinga. Sidhani, ikiwa watashirikishwa mapema. Mama wa yule mvulana hakukosa watu wa kumjali; nyumba ilijaa kila Jumapili. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwamba pamoja na dua apelekwe pia hospitali. Maalimu ndiye huonwa kwanza katika mitaa yetu, na neno kama hilo likitoka kinywani mwake lina nguvu kuliko likitoka kwangu. Hali kadhalika wachungaji. Waalikwe kwenye mafunzo yale yale ya likizo, wakae na wauguzi meza moja, na wasome masomo yaliyotungwa kabla hayajafika kwa watoto.

Rasimu ya vipindi vinane nimeshaiandika kwa mkono, pamoja na vifungu vya kusoma na orodha ya msamiati, na walimu wenzangu wawili wameipitia na kuikosoa bila huruma. Naomba nafasi ya kuileta ofisini kwako kabla ya muhula kufungwa, tukiwa na mtu wa Idara ya Afya ya Kaunti. Nusu saa itatosha. Siku yoyote itakuwa sawa kwangu isipokuwa Jumatatu asubuhi, kwa sababu siku hizi Jumatatu asubuhi sitoki darasani.

Wako mwaminifu,

Mwalimu wa Gredi ya 5,
Likoni, Mombasa.