Kibao kinasema hivi, konda anasema vile

Ndugu Mhariri,

Juzi niliagiza mtungi wa gesi. Kijana wa bodaboda akanipigia simu: "Mzee, shikamoo, nimefika huku kwenu lakini huo mtaa ulionitajia siujui, na hapa kila ninayemuuliza haujui." Nilikuwa nimemtajia jina lililoandikwa kwenye kibao cha mtaa, kwa utiifu wa raia mwema. Nikamwambia, basi njoo Kisimani. "Aah, Kisimani! Si ungesema tu, mzee wangu." Dakika tatu hazikufika, honi ikalia mlangoni.

Kisimani hakuna kisima. Kilifukiwa zamani, mabomba yalipofika, na juu yake leo zimesimama fremu mbili, ya kinyozi na ya wakala wa fedha za simu. Waliowahi kuteka maji pale nadhani tumebaki saba au wanane. Jina lakini lipo, na linafanya kazi kila siku. La kwenye kibao ni neno zuri la maadili, lingefaa kuitwa shule ya chekechea, ila halijamfikisha mtu kwangu hata mara moja.

Nieleweke. Siipingi Operesheni ya Anwani za Makazi, ile iliyofanyika 2022 kabla ya sensa ya tarehe 23 Agosti. Namba ya nyumba yangu niliipokea kwa mikono miwili. Mji usio na namba za nyumba unaua watu, kwa sababu gari la zimamoto haliwezi kusimama kumuuliza muuza maandazi njia. Ninachogombana nacho ni jinsi majina yalivyopatikana. Kwetu sisi kikao kiliitwa siku ya kazi, saa nne asubuhi. Tulikwenda wastaafu watano, tukakuta majina yameshachapwa kwenye karatasi. Tukasaini mahudhurio, tukanywa soda, tukarudi nyumbani. Vibao vilipokuja kusimikwa, mafundi wenyewe walituuliza, "Samahani wazee, hapa ndiyo Kisimani?"

Nilifundisha Jiografia sekondari zaidi ya miaka 30. Mtaala ulinipa milima, mvua, miamba na ramani za kipimo cha 1:50,000. Kuhusu mtaa anaokaa mwanafunzi mwenyewe, kimya. Kwa hiyo kila mwaka niliwapa kidato cha pili kazi moja nje ya mtaala: kamuulize mzee yeyote kwa nini mnapoishi panaitwa hivyo. Walirudi na majibu matatu ya mtaa mmoja, wakigombana darasani nani kaambiwa kweli. Wote niliwapa alama. Mahali pengi pana hadithi zaidi ya moja, na kule kugombana kwenyewe kulikuwa ndilo somo.

Nilizoea kuanza na Kariakoo, kwa kuwa kila mtoto wa Dar es Salaam ameshapelekwa huko kununuliwa viatu vya shule. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walipoiteka Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani Septemba 1916, kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kilipiga kambi pale. Kwenye midomo ya watu jina hilo likafinyangwa, likatoka Kariakoo. Nairobi nako kulikuwa na kambi ya wapagazi haohao, na mpaka leo wana Kariokor yao. Hakuna kamati iliyokaa wala karatasi iliyosainiwa. Wapagazi wale walibeba unga, risasi na majeruhi wakifuata vita kwenda kusini, na makumi ya maelfu hawakurudi. Waliouawa na kuhara, malaria na njaa ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Leo mtu anapandia daladala Mbagala anasema "naenda Kariakoo kufunga mzigo", na bila kujua ametaja kazi ileile.

Sasa ingia ndani ya Kariakoo usome vibao vya mitaa: Narung'ombe, Tandamti, Mahiwa. Hayo ni majina ya mapigano ya vita hiyohiyo, mwaka 1917, huko bara ya Kilwa na Lindi. Narung'ombe ilikuwa Julai, Tandamti Agosti, Mahiwa Oktoba. Niliwahi kumuuliza mwenye duka la vitambaa kwenye mmojawapo wa mitaa hiyo kama anajua Mahiwa ni wapi. Akanielekeza: "Kata hapo kulia, mzee, ni mtaa wa pili."

Hapo najua hoja yangu inaniumbua kidogo. Majina hayo yalitoka juu, kwa mkoloni, na yameshika. Barabara ya Samora nayo enzi za Waingereza iliitwa Acacia Avenue, ikawa Independence Avenue, kisha ikapewa jina la Samora Machel, nalo likashika kabisa. Kwa hiyo siwezi kusema kila jina linalotoka ofisini ni bovu. Ila tazama yaliyoshika yalikuwa na nini: mahali mtu alipopigana, au mtu ambaye watu walimjua na kumlilia. Jina la sifa njema tu, lisilo na mtu wala tukio wala mti, halina pa kushika. Linateleza. Ndiyo maana abiria anashuka Tabata Dampo ingawa dampo liliondoka miaka mingi iliyopita, na Faya inabaki Faya kwa ajili ya kituo cha zimamoto. Mnazi Mmoja tunautaja kila siku wala hatuulizi mnazi wenyewe uko wapi. Konda halipwi kwa kutunga majina. Analosema ni lile ambalo abiria watalijibu kwa kusimama na kusogea mlangoni.

Kuna jambo jingine, nalo linatoka kwenye kurasa zako mwenyewe, Ndugu Mhariri. Kila baada ya muda anatokea mwandishi analia kwamba Kariakoo imekufa, si ile tena. Mimi huuliza, ipi? Ile ya kambi ya wapagazi? Au shamba la minazi lililokuwapo kabla ya kambi? Shangazi yangu alikuwa na nyumba pale, nyumba ya Kiswahili kamili: vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, ukumbi katikati unaotoboa mpaka uani, jiko na choo nyuma, baraza mbele. Chumba kimoja alikaa mzee wa Kimanyema, ambaye babu yake alitoka Kongo. Kingine kilikuwa cha bibi wa Kingazija, kazi yake vitumbua alfajiri. Shangazi mwenyewe Mzaramo. Jioni wote walikutana barazani, na ugomvi wa Simba na Yanga haukuhitaji redio, kwa kuwa makao ya timu zote mbili yalikuwa mwendo wa mguu, moja Msimbazi na nyingine Jangwani.

Nyumba ile haipo. Wajukuu waliingia ubia na mjenzi, wakapewa floo zao, na pale lilipokuwa baraza kuna ngazi inayopanda ghorofa saba. Nilipopita mwaka jana nilisimama nikaona wanawake wawili wakifunga mabelo ya nguo kwa kamba za plastiki, wanazungumza Kiswahili cha Lubumbashi, na Mchina mmoja kijana anawahesabia mizigo, "thelathini na moja, thelathini na mbili", kwa lafudhi safi tu. Ningeweza kulia. Kisha nikamkumbuka yule mzee wa Kimanyema. Kongo ilikuwa na chumba kwenye nyumba ile kabla sijazaliwa.

Mwanajiografia mmoja Mwingereza, marehemu Doreen Massey, aliandika kuhusu mtaa wa Kilburn, London, alikokuwa akipita: magazeti ya Ireland kwenye kibanda, sari dirishani. Alichosema ni kwamba mahali si boksi lenye kuta ambalo wageni wanakuja kulichafua. Ni njia panda, na sura yake inatokana na njia zinazokutana hapo. Nilipomsoma nilicheka, maana shangazi yangu alikuwa analijua hilo kwa kuhesabu kodi ya vyumba.

Hata soko lenyewe. Jengo tunaloliita la zamani, lile la nguzo zinazofumbuka juu kama miamvuli, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, lilifunguliwa 1975. Mimi nilikuwa kijana mkubwa. Wazee wa wakati ule walilishangaa, wengine walilichukia, wakasema soko gani hili lina shimo chini. Baadaye "shimoni" likawa neno la kila mama wa nyumbani, na usiku wa tarehe 10 Julai 2021 lilipoungua, watu walilia kama waliofiwa. Kitu kigeni cha zege kilikuwa kimeshakuwa chetu katika miaka 46.

Sisemi basi kila mabadiliko tuyapigie makofi. Ghorofa lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024 na kuua watu halina ushairi wowote ndani yake.

Ninachoomba ni kidogo. Nasikia mtaani kwetu vibao vilivyofutika kwa jua vitaandikwa upya. Kabla ya kuandika, mtu mmoja mwenye daftari apite, si ofisini, kwenye vijiwe: kwa mafundi cherehani, kwa bodaboda, kwa wanaokaa kwenye madawati ya kahawa baada ya Alasiri. Aulize hapa mnapaitaje, na kwa nini. Atapata majibu matatu, kama wanafunzi wangu. Ayaandike yote matatu. Kisha jina ambalo watu wanalitumia liwe ndilo jina, na kama sheria imeshafunga mlango, basi liwekwe chini ya lile la serikali, hata kwa herufi ndogo. Namba za nyumba zibaki zilivyo, hazina ugomvi na mtu. Na walimu wa Jiografia walioko darasani sasa wanaweza kuianza kazi hiyo Jumatatu ijayo, gharama yake ni kalamu na shikamoo.

Daftari hilo liharakishwe, maana wale saba au wanane wa Kisimani wana sukari na presha.

Mwisho, nisije nikaonekana nakionea kibao cha watu. Mama mmoja amehamia pale kona mwezi wa tatu sasa, anauza chapati na chai ya maziwa. Kamba ya turubai lake ameifunga kwenye nguzo ya kibao hicho, pazuri, halitikisiki hata kwa upepo. Jana nilimsikia kijana anaongea na simu, anamwelekeza mwenzake. Hakusema Kisimani, wala hakusema lile neno la maadili. Alisema, "Nipo hapa Kibaoni, kwa mama chapati."

Mwalimu mstaafu,
Ilala, Dar es Salaam